Kolonoskopi huharibikia nyumbani

Ripoti ya kolonoskopi, yaani kipimo cha kukagua utumbo mpana kwa mpira wenye kamera, huwa na picha za rangi, majina ya sehemu za utumbo na, mahali fulani katikati, mstari mfupi wa alama za usafi: 2, 3, 3. Wengi huuruka mstari huo na kukimbilia neno "polipu" au neno "kawaida". Hawana kosa, hayo ndiyo waliyoyafuata. Ila alama zile ndizo zinazosema kama hiyo "kawaida" ni ya kuaminika. Kamera haioni kilichofunikwa na kinyesi, na mgonjwa aliyeambiwa utumbo wake hauna kitu ilhali nusu yake haikuonekana vizuri amepewa faraja isiyo na msingi.

Kipimo cha alama kinachotumika sana huitwa kipimo cha Boston. Utumbo mpana hugawanywa sehemu tatu: kulia, katikati na kushoto. Kila sehemu hupewa alama kuanzia 0, yaani kinyesi kigumu kimeziba na ukuta hauonekani, hadi 3, yaani ukuta wote unaonekana bila mabaki. Alama hutolewa baada ya daktari kuosha na kunyonya alichoweza. Jumla kamili ni 9. Kwa kawaida usafi hukubalika jumla ikifika 6 bila sehemu yoyote kushuka chini ya 2. Ukishindwa hapo, kolonoskopi hurudiwa mapema, aghalabu ndani ya mwaka mmoja: dawa ileile, kufunga kulekule, sindano ileile.

Daktari ana maji na mashine ya kunyonya, lakini hivyo ni vya kumalizia tu. Usafishaji wenyewe hufanywa nyumbani, kwa kunywa dawa ya kuharisha, na karatasi anayopewa mgonjwa mara nyingi humwambia la kufanya bila kumwambia sababu. Asiyejua sababu hupunguza. Huacha glasi mbili za mwisho kwa kuwa ameshaharisha sana, au hula kidogo jioni kwa kuwa njaa imemzidi. Kwa hiyo hapa sababu nitazipa nafasi kubwa kuliko amri.

Kwa nini dawa hunywewa mara mbili

Zamani dawa yote ilinywewa jioni ya kuamkia kipimo. Mgonjwa alilala akiwa msafi, na asubuhi utumbo ulikuwa umechafuka tena upande wa kulia. Hakula kitu usiku, basi uchafu ulitoka wapi? Utumbo mwembamba haulali. Usiku kucha humimina nyongo, ute na majimaji ya kumeng'enyea chakula kwenye mwanzo wa utumbo mpana, pale kidole tumbo kinapoanzia. Majimaji hayo hukauka na kuwa utando mzito wa kunata uliogandama ukutani.

Upande huohuo wa kulia ndiko polipu bapa hupenda kukaa. Polipu ni kinyama kinachoota kwenye ukuta wa ndani wa utumbo. Nyingi hazina madhara, lakini baadhi, zikiachwa, huweza kugeuka saratani, na safari hiyo kwa kawaida huchukua miaka mingi, mara nyingi kumi au zaidi. Polipu yenye shina huonekana hata utumbo usipokuwa safi sana. Ile bapa, yenye rangi karibu sawa na ukuta, hupotea chini ya utando mwembamba tu.

Ndiyo maana sasa dozi hugawanywa. Nusu hunywewa jioni, na nusu nyingine huanza saa 4 hadi 6 kabla ya kipimo na kumalizika angalau saa 2 kabla yake. Ukiwa na miadi ya saa nne asubuhi, dozi ya pili inaanza saa kumi alfajiri na kwisha saa kumi na mbili. Kuanzia saa mbili asubuhi hunywi hata maji. Saa hizo mbili za mwisho ni za usalama wa mapafu: dawa ya kusinzisha hulegeza kinga za koo, na kilichomo tumboni kinaweza kupanda na kuingia kwenye njia ya hewa. Hospitali nyingine hudai muda mrefu zaidi, hasa kwa mgonjwa atakayelazwa usingizi kamili. Karatasi ya hospitali yako ndiyo ya kufuata.

Kuamka alfajiri kunywa dawa ya kuharisha ni adha, sikatai. Lakini katika maandalizi yote, nionavyo mimi, ukilazimika kutetea jambo moja tu, tetea dozi hii ya pili.

Chakula na vinywaji

Siku 2 au 3 kabla, acha vyakula vyenye makapi na mbegu: jamii ya kunde, karanga na korosho, mahindi, nafaka zisizokobolewa, mboga za majani, matunda yenye mbegu au yanayoliwa na ganda. Wali mweupe, mkate mweupe, mayai, samaki, kuku asiye na ngozi na viazi vilivyomenywa vinaruhusiwa. Sababu ni ya kimashine kabisa. Njia ya kunyonyea ndani ya mpira wa kolonoskopi ina upana usiofika milimita 4, na njia hiyohiyo ndiyo hupitisha vifaa vya kukatia. Mbegu chache zikikwama, daktari hupoteza dakika kuzizibua, na mara nyingine hulazimika kuuchomoa mpira wote na kuanza upya.

Siku moja kabla ni vinywaji vyepesi tu, ingawa baadhi ya hospitali huruhusu kifungua kinywa kidogo. Kinywaji chepesi ni kile ambacho ukikitia kwenye glasi ya kioo unaweza kusoma maandishi yaliyo nyuma yake: maji, chai ya rangi, supu iliyochujwa, juisi ya tofaa iliyochujwa. Maziwa hayamo, hata kijiko kimoja ndani ya chai. Epuka pia vinywaji vyekundu na vya zambarau, kwa sababu rangi hiyo ukutani hufanana na damu.

Usinywe maji matupu siku nzima. Kuharisha kunaondoa chumvi pamoja na maji, na anayefidia kwa maji peke yake anaweza kushusha kiwango cha sodiamu mwilini hadi akaumwa kichwa, akachanganyikiwa au akapata degedege. Wazee na watu wadogo wa mwili wako hatarini zaidi. Changanya: supu yenye chumvi, maji ya dawa ya kurudisha maji mwilini, kitu chenye sukari.

Dawa zako za kila siku

Sehemu hii ndiyo inayosababisha simu nyingi za dakika ya mwisho, na ndiyo isiyofaa kuamuliwa nyumbani. Orodha kamili ya dawa zako ifike kwenye kitengo cha endoskopi, kinachofanya kipimo hiki, angalau wiki moja kabla, kwa sababu baadhi ya maamuzi yanahitaji siku 7 kutekelezwa.

Vidonge vya madini ya chuma huachwa siku 5 hadi 7 kabla, maana hukifanya kinyesi kuwa cheusi na cha kunata kama lami, na lami hiyo haisafishiki kirahisi. Dawa za kuzuia kuharisha na virutubisho vya nyuzinyuzi huachwa pia. Dawa za maumivu zenye kodeini hufunga choo, kwa hiyo zitaje.

Dawa za kuzuia damu kuganda ni habari nyingine. Kama polipu kubwa inatarajiwa kukatwa, warfarini mara nyingi husimamishwa siku 5 kabla na damu hupimwa kuhakikisha kiwango kimeshuka. Dawa mpya kama rivaroksabani na apiksabani huisha mwilini haraka, kwa hiyo husimamishwa siku chache tu, zaidi kidogo ikiwa figo ni dhaifu. Klopidogreli huhitaji siku 5 hadi 7. Aspirini ya dozi ndogo kwa kawaida huendelea. Lakini mtu mwenye kizibuo cha waya (stenti) kwenye mshipa wa moyo, valvu bandia, au aliyepata kiharusi hivi karibuni asiache dawa hata siku moja mpaka daktari wake wa moyo na wa endoskopi wakubaliane. Damu ya utumbo huweza kuzuiwa kwa kibanio, ila mshipa wa moyo ukiziba, huenda kusiwe na nafasi ya pili.

Mwenye kisukari aombe miadi ya asubuhi. Insulini hupunguzwa kwa kiwango anachopanga daktari, haiachwi yote, hasa kwa mwenye kisukari cha aina ya kwanza. Vidonge vinavyoshusha sukari kwa nguvu husimamishwa wakati mtu hali. Dapaglifozini na empaglifozini huachwa siku 3 au 4 mapema, kwa kuwa kufunga ukiwa unazitumia kunaweza kuijaza damu asidi hata sukari ikisomeka kawaida. Sindano za kila wiki za kupunguza uzito na sukari huchelewesha chakula kutoka tumboni, nazo zitaje. Pima sukari mara nyingi kuliko kawaida, na uwe na juisi angavu karibu kwa ajili ya kushuka ghafla.

Dawa za presha zinazokojoza, na baadhi ya zile zinazogusa figo, huenda ukaambiwa uziruke siku ya maandalizi. Dawa za kifafa na za moyo kwa kawaida huendelea, ila zimeze angalau saa moja kabla ya kuanza kunywa dawa ya kusafisha, la sivyo zitapita bila kufyonzwa. Hayohayo huvikuta vidonge vya uzazi wa mpango: baada ya kuharisha kiasi hicho, tumia kondomu kwa siku 7.

Kuinywa yenyewe

Kuna aina mbili kuu. Ya kwanza ina polietilini glaikoli pamoja na chumvi. Haifyonzwi na mwili. Hushikilia maji iliyochanganywa nayo na kuyapitisha moja kwa moja hadi nje. Hiyo ndiyo sababu ujazo wake ni mkubwa, lita 2 au 4 kutegemea aina, na ndiyo sababu huwa chaguo la kwanza kwa wagonjwa wa figo, ini na moyo. Ya pili ni pakiti ndogo zenye pikosulfati na magnesiamu. Unakunywa kikombe kimoja tu kila dozi, lakini dawa huvuta maji kutoka mwilini mwako kuyaingiza kwenye utumbo, kwa hiyo ni lazima ufuatishe vinywaji vyepesi vingi, kama lita moja na nusu hadi mbili baada ya kila dozi. Mwenye figo zilizochoka sana hapewi hii. Zile za fosfati za kunywa zimeachwa mahali pengi kwa sababu zimewahi kuharibu figo, na mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani ilizitolea onyo kali.

Manitoli nayo ilitumika miaka ya nyuma. Bakteria wa utumbo huichachusha na kutoa haidrojeni, na kuchoma polipu kwa umeme ndani ya gesi hiyo kumewahi kuleta mlipuko tumboni. Ajali hizo ni nadra mno. Ila utumbo uliosafishwa vizuri hubaki na gesi kidogo ya kuweza kuwaka, na hilo ni jambo ambalo karatasi za wagonjwa hazilisemi.

Kwa ile ya ujazo mkubwa, mwendo ni glasi ya mililita 250 kila dakika 10 hadi 15. Ipoze kwenye jokofu kabla, inywe kwa mrija uliowekwa nyuma ya ulimi, na umalize glasi kwa mara moja kuliko kusipsipa. Ladha ya chumvi huchosha zaidi ikikaa mdomoni. Kipande cha limau cha kunyonya katikati ya glasi husaidia. Tembeatembea, usilale. Kichefuchefu kikizidi pumzika nusu saa kisha uendelee taratibu. Ukitapika, kadiria umetapika kiasi gani na upige simu kwenye kitengo. Usikae kimya ukitumaini iliyobaki itatosha.

Choo huanza saa 1 hadi 3 baada ya glasi ya kwanza, ingawa kwa mwenye tatizo la kufunga choo huchelewa. Mtu wa namna hiyo aseme mapema, maana mara nyingi anahitaji dozi kubwa zaidi au dawa ya kulainisha siku kadhaa kabla. Ngozi ya njia ya haja kubwa ipakwe mafuta mazito kabla ya safari ya kwanza, na ujisafishe kwa maji au kitambaa laini chenye unyevu. Karatasi kavu mara kumi na tano itakuchubua.

Umemaliza ukiona unachotoa ni maji ya njano yanayopenya mwanga, kama mkojo. Chembe chache zinazoelea si neno. Yakiwa ya kahawia na mazito baada ya dozi ya pili, hujawa tayari. Piga simu, kwa kuwa huenda ukaongezewa dawa au ukasafishwa kwa bomba ukifika. Ukiacha kutoa choo kabisa huku tumbo likijaa, likiuma na unatapika, simamisha dawa uende hospitali saa hiyohiyo. Huenda utumbo umeziba.

Chumbani

Mpira wa kolonoskopi una unene wa kidole, wenye taa na kamera kwenye ncha. Unasaini fomu ya ridhaa, unawekewa sindano ya mshipa, kifaa cha kupima oksijeni kidoleni na mkanda wa presha mkononi. Unalala kwa ubavu wa kushoto, magoti yakiwa yamekunjwa. Wagonjwa wengi hupewa dawa ya kusinzisha pamoja na ya maumivu. Wengine hulazwa usingizi kamili na mtaalamu wa nusu kaputi, na wachache hufanya bila kitu. Mwenye kifaa cha umeme cha moyo alitaje kabla, kwani umeme wa kukatia unaweza kukiingilia.

Utumbo mpana una urefu wa kama mita moja na nusu na umejikunja. Hupulizwa hewa ili ufunguke. Vitengo vinavyotumia hewa ya ukaa humwachia mgonjwa gesi kidogo, kwa sababu hiyo hufyonzwa haraka. Maumivu, yakiwepo, hutokea mpira unapojipinda upande wa kushoto na kuvuta tishu zinazoshikilia utumbo. Muuguzi hukandamiza tumbo, au unaambiwa ugeuke chali. Ukuta wa ndani wenyewe hausikii kisu. Kinyama cha kupeleka maabara kikinyofolewa hutahisi lolote.

Kwenda ni kutafuta njia, uchunguzi hasa hufanywa wakati wa kurudi. Miongozo hutaka kurudi huko kuchukue angalau dakika 6 hadi 8, kutegemea mwongozo, pale ambapo hakuna kinachokatwa. Kwa jumla kipimo huchukua dakika 20 hadi 45. Ripoti nzuri huwa na picha ya kitundu cha kidole tumbo, ushahidi kwamba daktari alifika mwisho wa safari.

Polipu isiyofika milimita 10 kwa kawaida hukatwa kwa kitanzi cha waya bila umeme. Kubwa zaidi huweza kuinuliwa kwanza kwa sindano ya maji ya chumvi chini yake, kisha ikakatwa kwa umeme na jeraha kubanwa kwa vibanio. Vibanio hivyo hudondoka vyenyewe. Ukipangiwa kipimo cha MRI wiki zinazofuata, vitaje.

Baada ya hapo

Dawa ya kusinzisha hufuta kumbukumbu. Unaweza kuongea na daktari ukiwa macho kabisa na usikumbuke neno baadaye, kwa hiyo msindikizaji awepo anapokueleza, na uombe maandishi. Kwa saa 24 usiendeshe gari, usinywe pombe, usisaini mkataba.

Tumbo kujaa gesi ni kawaida. Itoe, watu wote chumbani humo wamekuja kwa sababu hiyohiyo. Kukosa choo siku 2 au 3 pia si tatizo, hakuna kilichobaki cha kutoka.

Utumbo kutoboka hutokea kwa takriban mtu 1 kati ya 1,000 au pungufu ya hapo, mara nyingi zaidi polipu kubwa inapokatwa. Dalili ni maumivu yanayozidi badala ya kupungua, tumbo kuwa gumu, homa, wakati mwingine maumivu ya bega. Damu kidogo kwenye karatasi baada ya kukatwa kinyama haitishi. Damu nyingi au mabonge, au kizunguzungu na mapigo ya moyo kwenda mbio, ni dharura. Damu huweza kuja hata wiki mbili baadaye, kigaga kinapobanduka, na mtu huwa ameshasahau kipimo. Kwa sababu hiyo waliokatwa polipu kubwa huambiwa waahirishe safari za mbali na kubeba mizigo mizito. Ukifika idara ya dharura, sema tarehe ya kolonoskopi kabla ya kitu kingine.

Majibu ya maabara huchukua wiki moja hadi chache. Ndiyo huamua lini urudi: kwa baadhi ya miongozo, polipu moja au mbili ndogo za aina ya adenoma (ile inayoweza kugeuka saratani) husubiri miaka 7 hadi 10, na yenye milimita 10 au zaidi huhitaji kipimo baada ya miaka 3. Ikionekana saratani au adenoma iliyokomaa, wazazi, ndugu na watoto wako wawaambie madaktari wao, wakitaja umri uliokuwa nao ilipogunduliwa. Katika miongozo mingi, kipimo chao cha kwanza hupangwa wakiwa na miaka 40, au kwa kutoa miaka 10 kwenye umri huo, lolote litakalotangulia.